Usimpokonye Simu Mwenye Afasia

Kuna jambo linalotokea katika nyumba nyingi baada ya kiharusi, na hutokea kwa nia njema kabisa. Mzee anarudi kutoka hospitali. Upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki. Akitaka kusema "chai" anasema "gari", kisha anatikisa kichwa kwa hasira kwa sababu amejisikia akikosea. Kabla wiki haijaisha, simu yake iko mfukoni mwa kijana wake. Nambari ya siri imeandikwa kwenye karatasi. Mama anayo, kijana anayo, na shemeji naye anayo. Kodi ya vyumba vya kupangisha inaendelea kuingia kwenye laini ya mzee, lakini mzee mwenyewe haoni ujumbe. Akinyoosha mkono kuitaka simu anaambiwa, "Tulia baba, tutakufanyia."

Sisi ambao kazi yetu ni pesa kwa simu tuna maoni kuhusu jambo hili, na hatutayaficha: hiyo simu irudi kwa mwenyewe. Hatusemi irudi kesho asubuhi na pesa zote ndani. Irudi polepole, kwa mafunzo, pesa kidogo kwanza. Lakini irudi.

Hali hiyo ya kupoteza maneno inaitwa afasia. Hutokea pale sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, ambayo kwa watu wengi iko upande wa kushoto, inapoumia. Chanzo kikubwa ni kiharusi. Takriban thuluthi moja ya wanaonusurika kiharusi huipata. Wengine huipata kwa uvimbe wa ubongo au kwa kuumia kichwa, na sote tunajua jinsi ajali za bodaboda zinavyojaza wodi zetu vijana wenye majeraha ya kichwa. Kwa hivyo si mambo ya wazee pekee. Kuna mwenye afasia anayeelewa karibu kila unachosema, lakini maneno yake hutoka moja moja kama meno yanayong'olewa. Kuna mwingine anayeongea mbio, sentensi ndefu ndefu, ila maneno siyo yale, na huenda hata asitambue. Kusoma na kuandika huguswa pia, na nambari vilevile.

Kinachobaki ni akili. Mtaani utasikia ati amerogwa, au ati amerudi utoto. La. Mwenye afasia anajua nani anamdai na nani anadaiwa naye. Anajua karo ya muhula haijalipwa. Anakosa tu njia ya kulitoa hilo jambo mdomoni.

Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca aliandika habari za mgonjwa wa hospitali ya Bicêtre ambaye kwa miaka mingi alikuwa amebaki na silabi moja ya kutamka, "tan". Ripoti hiyo ndiyo iliyofungua macho ya matabibu kuhusu sehemu za ubongo na lugha, na wengi humkumbuka mtu yule kwa hiyo "tan" yake. Sisi, pengine kwa sababu ya kazi yetu, tunavutiwa zaidi na vidole vyake. Alipoulizwa amekaa hospitalini miaka mingapi, alifungua kiganja mara nne, halafu akaongeza kidole kimoja. Ishirini na mmoja. Na jibu lilikuwa sahihi. Nambari alikuwa nayo. Mlango ndio uliokuwa umefungwa, naye akapitia dirishani.

Tangu huduma za pesa kwa simu zianze nchini mwaka 2007, simu imekuwa pochi, daftari na kadi ya uanachama kwa pamoja. Ndani yake kuna chama, karo, mama mboga, mchango wa matanga. Mtu asiyeweza tena kutuma shilingi mia mbili za matanga ya rafiki yake ameondolewa kwenye orodha ya watu, hata kama anakula vizuri na amefuliwa nguo. Tunaona hasara hii ikisahaulika kwa sababu haionekani kama ugonjwa.

Halafu kuna hatari ya pesa zenyewe. Nambari ya siri ikijulikana na watu watatu, si siri tena. Pesa zikitoka kwa nambari sahihi, kutoka kwa simu ya mwenyewe, ni vigumu kwa mtoa huduma yeyote kujua kama ni mzee aliyebonyeza au ni mpwa wake aliyekuja kumtembelea. Mtu mwingine angepiga kelele. Huyu hawezi. Mwizi wa karibu hana haja ya kuvunja mlango, na aliyeibiwa hana maneno ya kumshtaki.

Watu wengi hawajafikiria kitu kimoja: ujumbe wa miamala unaweza kuwa maneno yake. Mtu ambaye hawezi kusema "nilimlipa yule fundi wa mabomba Jumatatu" anaweza kufungua ujumbe, akakuonyesha jina, kiasi na tarehe. Huyo amekwisha kusema. Ukichukua simu yake umechukua pia daftari ambalo angelitumia kuzungumza nawe.

Sasa, kufundisha. Tuanze na kosa la familia zenye uwezo: kumnunulia simu mpya. Mtoto aliye Nairobi au ng'ambo anatuma simu janja ya bei, kioo kikubwa, picha nzuri, na mzee anaishia kuiangalia tu. Kama alikuwa akitumia mulika mwizi, mrudishie mulika mwizi yake. Mara nyingi vidole hukumbuka njia ambayo mdomo umeisahau. Simu mpya ni lugha mpya, na mtu huyu tayari ana kazi ya kutafuta ile ya zamani. Akishazoea tena, na kama mwenyewe anataka, hapo simu janja ina faida zake: picha ya mtu kando ya jina lake, ujumbe wa sauti, na uwezo wa simu kusoma maandishi kwa sauti, maana baadhi ya wenye afasia huelewa vizuri zaidi wakiona neno na kulisikia kwa wakati mmoja.

Chagua wakati. Asubuhi, amelala vizuri, redio imezimwa, wajukuu wako nje. Uchovu huvuruga lugha hata kwa aliyepata nafuu kubwa. Dakika kumi na tano zinatosha. Keti upande wake wa kushoto, kwa sababu baadhi ya waliopata kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo hawaoni vizuri vitu vilivyo kulia kwao. Simu nayo isogezwe kushoto kidogo. Mkono wa kulia ukiwa dhaifu, simu ilazwe mezani juu ya kipande cha mpira au kitambaa kibichi isiteleze, abonyeze kwa mkono wa kushoto.

Na tafadhali, usimfanyie mtihani. "Hii ni nini? Sema! Hii tumeisoma jana!" Mtu mzima aliyelea watoto sita hastahili kuulizwa maswali ya chekechea. Tena kubahatisha kunamharibia: akibonyeza pasipo mara tatu, vidole vinajifunza lile kosa. Afadhali umshike mkono afanye sawa, tena na tena, kisha uanze kuachia.

Kuachia huko kuanzie mwisho. Ukituma pesa, kwanza unachagua huduma, unaweka nambari ya simu, unaweka kiasi, halafu nambari ya siri, kisha unathibitisha. Siku za kwanza, fanya wewe hatua zote za mbele akitazama, umwachie nambari ya siri na kuthibitisha. Wewe geuka, angalia ukutani. Yeye amalize. Wiki inayofuata mwachie pia kiasi. Baadaye nambari ya simu. Tunaipenda njia hii kwa sababu mbili: kila somo linaishia kwa yeye kukamilisha muamala, na kitu cha kwanza kabisa anachorudishiwa ni siri yake.

Kuhusu nambari ya siri kuna mengi ya kusema. Mwenye afasia anaweza kutamka "saba" akimaanisha nne, na papo hapo kidole chake kikaenda kwenye nne bila shida. Kwa hivyo usimwambie aitamke. Usalama unakataza, na afasia pia inakataza. Mwache aikumbuke kama mwendo wa kidole: juu, chini, kando, katikati. Akihitaji mazoezi, msichezee akaunti yenyewe, maana ukikosea mara kadhaa inafungwa. Chora vitufe vya simu kwenye kipande cha katoni, afanye mazoezi hapo. Usitumie kikokotoo kilicho kwenye kioo cha simu janja. Huko 7, 8 na 9 ziko juu, wakati vitufe vya kupiga simu vimeanza na 1, 2 na 3. Mtu anayetegemea mwendo wa kidole atachanganyikiwa kabisa. Na kama nambari ya zamani imeshasambaa nyumbani, ibadilishwe mapema, kabla vidole havijaizoea upya.

Kiasi nacho kina mtego wake, nao ni sifuri. Mia tano na elfu tano zinatofautiana kwa kitu kidogo sana kwenye kioo. Weka noti mezani. Anataka kutuma mia tano? Aishike noti ya mia tano, alinganishe tarakimu za kwenye noti na alizoandika kwenye simu, moja baada ya nyingine, ndipo aendelee. Baada ya muda atatumia kadi yenye tarakimu tu: 50, 100, 200, 500, 1,000. Anza na kutuma hamsini kwa binti yake, binti airudishe. Angalia ada kwanza, mafunzo yasije yakala pesa.

Lugha ya menyu ni swali ambalo familia hulijibu haraka mno. Mkenya wa kawaida anaongea lugha ya kwao nyumbani na Kiswahili sokoni, na huenda miaka yote hiyo simu yake imekuwa kwa Kiingereza. Afasia si lazima izipige lugha zote kwa kipimo kimoja. Usiibadilishe menyu iwe ya Kiswahili ati kwa kuwa ni rahisi. Huenda hakuwahi kuisoma kwa Kiswahili, na anachokumbuka ni kwamba kutuma pesa ni ya kwanza kutoka juu. Mwonyeshe zote mbili kwa siku tofauti, utazame ni wapi mkono wake hauchelewi. Kuchelewa kuna maana hapa, kwa sababu menyu zile za kubonyeza nyota hukatika usipojibu kwa muda mfupi. Mtu anayehitaji sekunde ishirini kulipata neno anakuta kioo kimerudi mwanzo, na anadhani amekosea yeye. Mwambie wazi: si wewe, ni menyu. Kama kuna njia nyingine ya kufikia huduma ileile ambayo inamsubiri zaidi, tumieni hiyo.

Wataalamu wa tiba ya usemi wako nchini ila ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Ukibahatika kumpata mmoja, nenda na simu ya mgonjwa. Mwambie lengo letu ni atume pesa na asome salio. Mazoezi ya picha za wanyama yana nafasi yake, lakini jina la binti kwenye orodha ya simu ni neno lenye uzito kuliko "sungura". Huko Toronto, Canada, mtaalamu Aura Kagan alijenga njia ya kuzungumza na watu wenye afasia ambayo mzizi wake ni kumwonyesha mtu kwamba unajua kuwa anajua. Vifaa vyake ni vya kawaida: kalamu, karatasi, neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa, swali la ndiyo au la, na subira. Hata nyumbani kwenu vipo.

Hiyo ndiyo na la, hata hivyo, iangalieni kwa makini. Mwenye afasia anaweza kusema "ndiyo" akimaanisha "hapana". Matapeli wa simu wanaishi kwa haraka na kwa neno "ndiyo": "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie sasa hivi." "Laini yako inafungwa leo, thibitisha." Sheria ya nyumba iwe moja tu, isiyohitaji maelezo: simu ikipigwa na mtu akataja pesa, kata. Ifanyieni mazoezi kabisa. Mtu wa nyumbani apige kutoka chumba cha pili ajifanye tapeli, mzee akate. Watu hucheka kwenye zoezi hili, na ni vizuri wacheke, maana kukata simu ni jambo ambalo adabu zetu zinatuzuia kufanya. Mikopo ya simu nayo iwe vivyo hivyo: hakuna kukopa wakati mtu yuko peke yake na amechoka.

Wako watakaosema, na wana haki ya kusema: itakuwaje akipoteza pesa? Ndiyo maana hatujasema zote ziwe kwenye laini. Kodi ya nyumba iende benki au akaunti nyingine. Kwenye laini ya kila siku ziwe za matumizi ya wiki, kiasi ambacho kikipotea kitauma bila kuvunja nyumba. Mara moja kwa wiki, pitieni ujumbe wa miamala pamoja, yeye akishika simu. Watu wenye afya hutuma pesa kwa nambari isiyo sahihi kila siku, na hatujasikia familia ikiwapokonya simu.

Kwa ajenti ndiko mambo huharibikia zaidi. Mtu anasimama dirishani, anatoa sauti isiyoeleweka, foleni iko nyuma yake, na ajenti anafikiri amelewa. Au amekuja na binti yake, basi ajenti anaongea na binti muda wote: "Anataka kutoa ngapi?" Ndugu ajenti, mwenye pesa ni yule mwingine. Muulize yeye. Andika kiasi kwenye karatasi, umwonyeshe, asubiri achungulie, aitikie kwa kichwa au kidole gumba. Thibitisha mara mbili. Nambari yako ya ajenti iwe imeandikwa kubwa mahali anapoweza kuiona akiwa anabonyeza. Usiichukue simu yake kumsaidia kumalizia, hata kama foleni inanung'unika. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kidole gumba ni njia ya mawasiliano. Karatasi pia.

Kwa upande wetu sisi watoa huduma, msimamo wetu ni kwamba mteja wa aina hii asilazimishwe kujithibitisha kwa kuongea kwenye simu. Maswali ya usalama huuliza nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, muamala wa mwisho, yaani nambari tupu, kwa sauti, kwa mtu ambaye nambari humgeukia mdomoni. Akijibu kimakosa ataonekana tapeli kwenye akaunti yake mwenyewe. Mwenye afasia aliye na tatizo na laini afike dukani ana kwa ana na kitambulisho chake, aje na mtu anayemwamini, na ahudumiwe kwa maandishi na kwa kuonyesha. Yule aliyemsindikiza awepo kama msaidizi, majibu yatoke kwake mteja.

Kuna wale ambao afasia yao ni nzito mno, au kiharusi kimegusa na kumbukumbu na uamuzi. Hatuwezi kujifanya kwamba kila mtu atarudi kutuma pesa mwenyewe. Hapo familia ichague mtu mmoja, si watatu, na ipate ushauri wa wakili kuhusu njia halali ya kumsimamia mtu mali yake badala ya kupitisha nambari ya siri mkono kwa mkono. Lakini uamuzi huo usifanywe wiki ya kwanza. Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, na wengine huendelea kupata nafuu kwa miaka. Mtu aliyeonekana hawezi mwezi wa pili huenda akaweza mwezi wa kumi, kama simu bado ni yake.

Mwisho, kadi. Kata karatasi ngumu, saizi ya kitambulisho, uandike kwa herufi kubwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Nilipata kiharusi. Ninaelewa unachosema. Kuongea ndiko kunanisumbua. Ongea polepole, niandikie, nipe muda. Usichukue simu yangu." Nyuma yake andika nambari ya mtu wa kupigiwa akikwama. Aiweke kwenye kava ya simu, akifika dirishani aitoe kabla ya kujaribu kusema lolote. Mazoezi ya kuitoa yaanze nyumbani, kisha kwa mama mboga anayemfahamu, halafu kwa ajenti wa karibu, siku ambayo hakuna foleni.